Muulize Fundi: Kuba tano kwenye kiwanja cha Makorora

Nimezoea kuulizwa shimo la choo liwe na kina gani na kwa nini plasta inabanduka. Mwezi huu barua zilizonifikia nyingi ni za misikiti, mikubwa ya nchi za watu na midogo ya kwetu Tanga, kwa hiyo hizo ndizo nimezijibu kwanza. Wenye choo na bati wasubiri toleo lijalo. Isipokuwa bwana wa Duga mwenye ufa unaoingia kidole juu ya mlango: wewe hamisha kitanda usiku wa leo, usingoje gazeti.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni katibu wa kamati ya msikiti wetu hapa Makorora. Msikiti umechakaa, bati limetoboka, na Ijumaa watu wanaswali barabarani. Tumepata michango, mingine kutoka kwa vijana wetu walioko Uarabuni. Mwenyekiti ana picha ya Msikiti wa Sheikh Zayed wa Abu Dhabi kwenye simu yake, naye anataka wetu uwe na kuba tano na minara miwili. Kiwanja ni mita 18 kwa 22 na kimekaa upogo na kibla. Fundi aliyekuja ametupa hesabu ya kuba peke yake, tukatoka jasho. Tufanyeje bila kumvunjia mzee heshima? (S., Makorora)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwenyekiti wenu hana kosa. Msikiti ule nimeuingia mwenyewe mwaka 2015, binti yangu aliponialika kwake kumwona mjukuu, na mimi niliyeanza ujenzi nikiwa kijana wa kubeba karai nilifika uani nikanyamaza. Una kuba 82. Minara ni minne, kila mmoja unakaribia mita 107. Wanaswali humo watu zaidi ya 40,000 kwa pamoja. Kazi ilianza 1996, ukafunguliwa 2007, na msanifu wake ni Msiria, Yusef Abdelki. Nguzo za varanda za nje zinapita elfu moja, vichwa vyake vimefanywa mfano wa makuti ya mtende yaliyopakwa dhahabu. Za ndani ni 96, zimenakshiwa kwa maganda ya chaza. Pembeni kuna mabwawa ya maji mafupi yaliyouzunguka msikiti, na jioni ukuta wote mweupe unashuka ndani ya maji ukawa misikiti miwili. Usiku taa zake zinafuata mwezi: mwezi ukiwa mpevu msikiti unang'aa mweupe, ukipungua nao unaingia ubuluu.

Lakini mimi kilichonishika ni zulia. Lina mita za mraba 5,627, lilifumwa Iran kwa mikono ya wanawake zaidi ya elfu, likaja vipande vipande kuunganishwa palepale. Sasa sikia ufundi: mistari ya safu haikutiwa rangi. Nyuzi zimeinuliwa kidogo tu. Aliyesimama mlangoni anaona maua matupu, ila mguu wa anayeswali unajua pa kusimama. Nilipiga magoti nikapapasa kwa kiganja kutafuta mstari unaanzia wapi, mpaka askari wa zamu akaja kuniuliza kama nimepoteza kitu.

Baada ya sifa, hesabu. Ua wa ndani wa msikiti ule peke yake ni mita za mraba 17,000. Kiwanja chenu ni 396. Kingeingia uani mara 42 na nafasi ikabaki ya kuuza kahawa. Kuba za Abu Dhabi zinapendeza kwa sababu unaanza kuziona ukiwa mbali, ungali ndani ya gari, zinakua kadiri unavyosogea. Ninyi mko kwenye mtaa wa Makorora. Kajaribu hivi: simama ng'ambo ya barabara, mgongo ukutani, mwambie kijana apande juu ya bati la sasa na ufito wa mita mbili, ausimamishe katikati ya paa. Ukiiona ncha yake, una bahati. Kuba mtakayoijenga kwa milioni kadhaa wataionea raha kunguru.

Na kuba ina jambo jingine ambalo muuza ramani hatakwambia. Hili nalisema kwa aibu yangu mwenyewe. Zamani kidogo nilijenga kuba kwenye msikiti mmoja wa mkoa huu. Upana wake mita saba. Saruji ikatupungukia, nikaona werevu ni kuifanya bapa, isimame mita moja na nusu tu badala ya kuwa nusu duara kamili. Ilipendeza. Ijumaa ya kwanza imamu akapanda mimbari, akasema maneno mawili, akakatika. Akasema tena, akakatika tena. Sauti yake ilikuwa inapanda, inagonga zege, inamrudia sikioni kabla hajamaliza neno. Maamuma wa katikati walisikia khutba mbili, moja nyuma ya nyingine. Jumamosi nikaenda na kamba na chaki. Duara ambalo kuba ile ni kipande chake lilikuwa na nusu kipenyo cha karibu mita tano, na kilele kilikuwa mita sita na nusu kutoka sakafuni. Toa tano kwenye sita na nusu. Kitovu cha duara kiliangukia mita moja na nusu na ushei juu ya sakafu, yaani kwenye kichwa cha mtu aliyesimama. Nilikuwa nimejenga kioo cha sauti, kama kile cha tochi kinavyokusanya mwanga. Ningeiacha nusu duara, kitovu kingekaa juu huko ambako hakuna masikio. Tuliishia kutundika mazulia ya mkonge ndani ya kuba, kwa ndoano na waya, na mpaka leo yananing'inia. Wageni hudhani ni pambo. Mimi nikipita hapo huangalia chini.

Kwa hiyo kama lazima kuba, basi moja, na iwe ya nusu duara kamili au iwe ndogo mno juu ya mihrabu, kile kishubaka cha imamu kwenye ukuta wa kibla. Tano hapana.

Sasa hilo la kukaa upogo, ambalo naona limewatisha, ndilo lililonifurahisha mimi. Dhaka, mji mkuu wa Bangladesh, kuna msikiti wa mtaani unaoitwa Bait ur Rouf. Aliyeusanifu ni mwanamke, Marina Tabassum, kwenye kiwanja kilichotolewa na bibi yake, na ulimalizika mwaka 2012. Nao kiwanja chake hakikuelekea kibla. Alichofanya: kuta za nje akazifuatisha mtaa, mraba wa matofali ya kuchoma. Ndani ya mraba akaweka duara, kama unavyotia sufuria ndani ya sanduku. Ndani ya duara akageuza ukumbi wa kuswalia ukaelekea Makka sawasawa. Zile pembe zilizobaki kati ya sanduku na sufuria, ambazo fundi wa kwetu angezifanya stoo ya majeneza na spika mbovu, akaziacha wazi juu, zikawa mashimo ya mwanga na hewa. Hauna kuba. Hauna mnara. Kwenye paa kuna matundu ya mviringo, jua likipita madoa ya mwanga yanatembea sakafuni. Kwenye ukuta wa kibla kuna mwanya mwembamba uliosimama wima, ukiingiza mwanga kwa ubavu usione wapita njia. Mwaka 2016 ukapata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu, na watu wanapanda ndege kwenda kuutazama, msikiti wa watu mia nne. Mwonyeshe mwenyekiti picha zake kwenye simu ileile.

Kwenu Makorora nafasi ni ndogo, lakini kanuni inafanya kazi: kuta za nje zifuate barabara, safu zifuate kibla, pembe zinazobaki ziwe za hewa, ngazi na viatu. Viatu! Kamati zote husahau viatu. Watu mia tatu wana viatu mia sita, na visipopewa mahali vitakaa mlangoni mkanyagane.

Kisha upepo. Makka na Tanga ziko karibu mstari mmoja, kwa hiyo kibla yetu ni kaskazini, ukiegemea mashariki kwa kiasi kidogo mno. Ukuta wa kibla umepokea kaskazi na ukuta wa nyuma umepokea kusi, mwaka mzima Mungu anawapulizia bure. Wajenzi wengi siku hizi huuziba ukuta wa kibla wote kwa vigae vya kung'aa, wakaweka vioo visivyofunguka nyuma, halafu wanakimbilia feni ishirini. Ninyi acheni madirisha juu kwenye ukuta wa kibla, pande mbili za mihrabu, juu ya usawa wa macho ili mtu asibabaike katika swala yake, na makubwa zaidi chini ukuta wa nyuma. Hewa iingie na itoke. Ukuta wa mashariki na wa magharibi ndio wenye jua kali la asubuhi na la alasiri: huko wekeni baraza pana lenye paa. Baraza hilo Ijumaa litabeba hao wanaoswali barabarani, na siku nyingine litabeba wazee na kahawa yao.

Mnara mmoja jengeni, mzee asijione amenyimwa, ila uufanyishe kazi. Weka simtanki juu ndani yake, maji ya kutawadhia yashuke kwa nguvu bila pampu kila saa. Lita 2,000 ni tani mbili, kwa hiyo nondo na msingi vipigiwe hesabu na mhandisi, visikadiriwe kwa macho yangu wala ya fundi wenu. Namna ya kumwambia mzee: usimwambie kitu ofisini. Mkodie bajaji Alhamisi mwende Tongoni, kilomita kama 20 kwa njia ya Pangani. Msikiti ule ni wa karne ya 15, paa limekwisha anguka, umebaki mawe na nguzo zake. Mwache apapase matumbawe. Mwonyeshe nguzo zilivyokaribiana, maana paa lile la chokaa lilibebwa na boriti, na boriti ya mkoko haitoki mikononi mwako zaidi ya mita mbili na nusu, tatu ikizidi. Waliujenga kwa kipimo cha mti waliokuwa nao. Akikaa hapo kivulini dakika kumi, kuba mbili atazitoa mwenyewe.

SWALI: Kwa nini ule msikiti mpya wa Kinondoni, Dar es Salaam, mnara wake ni wa pembe nne wakati minara mingine ni ya duara kama penseli? (Mwanafunzi, Usagara)

JIBU: Kwa sababu ulijengwa kwa mkono wa Mfalme Mohammed VI wa Morocco, ambaye alikuja nchini Oktoba 2016, na watu wa Morocco minara yao ni ya pembe nne tangu enzi. Kautazame ule wa Kutubiya wa Marrakesh, wa karne ya 12, halafu wa Hassan II wa Casablanca, wa 1993 na mita 210: ni mtu na mjukuu wake. Hiyo ya penseli ni ya Waturuki. Yetu sisi watu wa pwani? Misikiti yetu ya kale mingi haikuwa na mnara kabisa, mwadhini alipanda ngazi au paa. Iliyokuwa nao ilijulikana kwa huo huo, kama Malindi pale Unguja, wenye mnara uliochongoka kama pia iliyopinduliwa. Kwa hiyo mtu akikwambia msikiti bila mnara si msikiti, mpeleke na yeye Tongoni. Naona bajaji itajaa.

SWALI: Mzee wangu, mimi ni mwalimu na ni Mkristo. Nimewahi kupita nje ya misikiti mizuri maisha yangu yote bila kujua ndani kukoje. Je, ni ruhusa kuingia kutazama jengo tu? Na nikiwachukua wanafunzi? (Mwalimu, Chumbageni)

JIBU: Mwalimu, misikiti mikubwa ya siku hizi imejengwa ikikutazamia wewe. Abu Dhabi hulipi kitu, unajiandikisha kwa intaneti kabla ya kwenda, unavaa nguo ya kusitiri, na kuna watu wa kukutembeza na kukueleza. Casablanca unaingia na mwongozaji kwa saa maalumu, ambapo misikiti mingi ya Morocco kwa asiye Mwislamu mlango ni nje. Hapa jirani, Kampala, ule ulioitwa wa Gaddafi juu ya kilima cha Old Kampala, wageni wanapokelewa kila siku. Wanawake wanapewa mitandio ya kujifunga, kisha mnapanda mnara. Ngazi zinapita 300. Nilizihesabu mpaka mia moja na arobaini, halafu nikahesabu pumzi. Juu ukishika ukuta unaona vilima vya Kampala vimepangwa kama mafuriko ya kijani, na mtu wa chini ni punje.

Kwetu Tanga misikiti ni ya mitaa, haina tiketi wala mwongozaji. Usiingie ghafla na kamera. Nenda kati ya swala na swala, tuseme saa nne asubuhi, umwone imamu au mtu wa kamati, umwambie neno hilohilo uliloniandikia mimi. Aghalabu atakwambia karibu, na atakupa chai. Vua viatu kabla ya kizingiti, sio juu yake. Usipite mbele ya mtu anayeswali, pita nyuma yake hata kama njia ni ndefu. Wasichana wafunike nywele, wavulana kaptula waziache nyumbani. Simu zizimwe. Kama imamu atakataa, mshukuru na uondoke, kila msikiti una watu wake.

Na ukiwa na wanafunzi, anza na mahali ambapo hamtamsumbua mtu. Tongoni nimekwisha kuitaja mara mbili. Ukipata basi la shule la kufika Bagamoyo, pale Kaole kuna msikiti wa karne ya 13 na makaburi yenye minara. Wape kazi moja tu watoto: wasimame ndani ya magofu, watafute kibla bila kuuliza mtu. Watakaouona mihrabu watapiga kelele. Somo la jiografia, historia na hesabu umelimaliza kwa kelele hiyo.

SWALI: Kaka fundi, mbona kila msikiti mpya unaofunguliwa tunaonyeshwa marumaru na taa, halafu sisi wanawake tunaelekezwa ngazi za chuma nyuma, juu kabisa chini ya bati? Ramadhani iliyopita mtu alizimia karibu nami kwenye tarawehe. Hiyo nayo ni ramani? (Mama Z., Ngamiani)

JIBU: Dada yangu, swali hili mke wangu ameniuliza kwa miaka ishirini na mimi nikijifanya nasinzia. Nitajibu leo kwa sababu umeniuliza mbele ya watu.

Ukweli wa saiti ni huu. Ramani inapochorwa, sehemu ya wanawake imo. Fedha zinapopungua, kinachokatwa kwanza ni hicho. Nimekuwapo kwenye vikao hivyo. Kuba haikatwi, kwa sababu kuba inaonekana na mfadhili. Ngazi ya zege ya kina mama inageuka kuwa ngazi ya chuma, dari linageuka kuwa «tutalipiga baadaye», na baadaye haina tarehe. Misikiti miwili niliyosimamia mimi ina ngazi za namna hiyo. Moja nilirudi kuibadilisha, ya pili bado.

Nilipokuwa Abu Dhabi mke wangu alikuwa nami. Kule wana ukumbi wao kamili wa pembeni, wa watu 1,500, si dari la stoo. Alipotoka nilimwuliza taa alizionaje. Akasema, «Taa sikuzitazama. Nilipotawadha kulikuwa na mahali pa kutundika baibui.» Basi. Tumeruka bahari, kuna taa ya kuning'inia yenye tani 12, na kilichomkaa moyoni ni mahali pa kutundika baibui. Tangu siku hiyo kila choo na kila birika la wanawake ninalolijenga nagonga ndoano mbili kwa kila bomba, usawa wa kifua, na kirafu cha mkoba. Gharama yake ni chakula cha mchana cha fundi mmoja.

Kwa hilo joto lenu, hamhitaji kubomoa. Piga dari, acha nafasi ya angalau nusu mita kati yake na bati, kisha toboa matundu yenye wavu pande mbili za mapaa ili hewa moto itoke badala ya kukaa vichwani mwenu. Bati likipakwa rangi nyeupe juu, mtaona tofauti siku hiyohiyo. Ukuta unaoangalia chini kwa wanaume uwe wa mbao zilizotobolewa nakshi, kuanzia sakafuni, si wa tofali mpaka kifuani: stara inabaki na hewa inapita, na mtaona imamu anarukuu saa ngapi bila kubahatisha kwa spika. Casablanca wanawake wako roshani pia, lakini ni za mbao za kuchongwa zinazotazama ukumbi wote. Juu si tatizo. Ngazi ziwe za zege, kila kidato kisizidi sentimita 16 au 17, na kuwe na mkono wa kushika pande zote mbili, maana wanaokuja kuswali jamaa wengi wao ni bibi wa magoti. Kazi yote hiyo, kwa ukumbi wa ukubwa wa kawaida wa Ngamiani, ni ndogo kuliko kuba moja. Hesabu nimeiandika kwenye karatasi tofauti, mhariri atakupa ukipita ofisini. Ipeleke kwenye kamati mkiwa wengi.

SWALI: Fundi mwenzangu, salaam. Nimepata kazi ya kumwaga zege kwenye msikiti ulio karibu na bahari, huku Sahare. Mchanga wa mtoni ni ghali na lori linachelewa. Wa ufukweni upo mita mia mbili kutoka saiti. Nikiuosha haufai? Wazee walijenga kwa vitu vya bahari na majengo yamesimama miaka mia sita. (Fundi, Sahare)

JIBU: Wazee hawakutia nondo, ndugu yangu. Hapo ndipo palipo siri yote. Tumbawe na chokaa haviogopi chumvi, havina chuma cha kuliwa. Wewe unamwaga zege lenye nondo, na chumvi ikiingia kwenye zege inaivua nondo lile koti linaloikinga, kutu inaanza ndani kwa ndani. Chuma kikiota kutu kinavimba, kinalipasua zege kutoka tumboni. Unaona ufa mwembamba umefuata mstari wa nondo, unaukandika. Mwaka ujao kipande kinaanguka, na ndani ni wekundu.

Kama wanadhani hilo ni la maskini, waambie habari za Casablanca. Msikiti wa Hassan II sehemu yake imejengwa juu ya maji ya Atlantiki yenyewe. Msanifu alikuwa Mfaransa, Michel Pinseau, kazi ikaanza 1986 ukafunguliwa 1993. Ukumbi na uwanja wake vinachukua watu 105,000, paa lake linafunguka kwa mitambo mbingu ikaonekana, mafundi wa nakshi walikusanywa nchi nzima kwa maelfu. Fedha na wahandisi havikupungua pale. Haikupita sana miaka kumi, chumvi ya bahari ikawa imekwisha ingia kwenye zege na nondo zinakula kutu, wakalazimika kufunga kazi kubwa ya matengenezo huko chini mawimbi yanakopiga. Hapo chumvi iliingia kutoka baharini. Wewe unataka kuanza na mchanga wenye chumvi tangu siku ya kwanza.

Kuuosha: unaweza kuupunguzia chumvi kwa maji mengi matamu, mara nyingi, lakini maji hayo Sahare unayanunua kwa dumu, na huna kipimo cha kujua imebaki kiasi gani. Piga hesabu, utakuta lori la mtoni ni rahisi. Mchanga wa ufukweni utumie kusawazisha ua chini ya vigae, basi. Na nondo zako zipe zege la kutosha nje yake: karibu na bahari hivyo, sentimita tano, si zile mbili na nusu mnazowekea kokoto chini ya nondo mjini. Zege lishindiliwe lisiache matundu, limwagiwe maji siku saba kamili, hata kama imamu anataka kuhamia haraka. Maji ya kuchanganyia nayo yasiwe ya kisima cha pwani.

Na dereva wa lori akikuapia kwamba mchanga wake umetoka mtoni, usibishane naye. Chukua kidogo kwa ncha ya kidole, uulambe. Ukiwa na chumvi, mgeuze na lori lake kabla hajapindua.